Maji ya Kiwanda cha Karatasi: Kuchemsha Hakutoshi



Kwa miaka mingi sisi wa Tabora tumekunywa maji ya mabwawa ya Igombe na Kazima, na maji ya visima vyetu vya mabondeni. Mwaka 2021 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria hadi Tabora, Nzega na Igunga. Maji hayo huvutwa ziwani huko Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, husafishwa, kisha husafiri mamia ya kilomita katika mabomba hadi kwetu. Ni faraja kubwa, hasa kwa akina mama na mabinti wa Kitete waliozoea kuamka alfajiri kupanga ndoo. Lakini pamoja na faraja hiyo yamekuja maswali. Ziwa lile limezungukwa na miji na viwanda vya nchi tatu. Je, uchafu wa viwanda hautufikii? Na hata ukitufikia, si tutachemsha?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike mwezi huu. Ukurasa huu haujachoka kuwahimiza kuchemsha maji ya kunywa, wala hatutaacha. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu. Vijidudu ni viumbe hai, na kiumbe hai akipikwa hufa. Kemikali ya kiwandani si kiumbe hai. Tia kijiko cha chumvi katika sufuria ya maji, uichemshe saa nzima: chumvi haifi. Maji hupungua, na yale yanayobaki huwa na chumvi kali zaidi kuliko mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa risasi na kwa kemikali nyingi nyingine zitokazo viwandani. Mama anayechemsha maji ya namna hiyo anapoteza mkaa wake, na kibaya zaidi, anawapa watoto kikombe akiamini kwamba ni salama.

Basi maji ya kiwanda husafishwa wapi? Husafishwa kiwandani, kabla hayajagusa mto. Yakishaingia mtoni, hakuna jiko la familia linaloweza kuyatakasa. Ili jambo hili lieleweke vizuri tumechagua kiwanda cha aina moja tu, nacho ni kiwanda cha karatasi. Kitete hatuna kiwanda cha namna hiyo, lakini karatasi twaijua. Wengi wetu tulijifunza kusoma na kusali kwa vitabu vilivyochapwa hapa hapa Kipalapala, kwenye kiwanda cha chapa cha TMP. Na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya karatasi imejaa sokoni. Kila mfuko huo ulianza kama mti, na ulipita katika maji mengi.

MTI UNAPOPIKWA

Mti umejengwa kwa nyuzi, na nyuzi hizo zimeshikamanishwa na kitu kama gundi kiitwacho ligini. Katika mti kama msindano, ule ambao watu wa Mufindi huuita mpaini, gundi hiyo ni kama robo ya uzito wa mbao kavu, pengine zaidi kidogo. Mtengeneza karatasi anataka nyuzi. Ligini haitaki, kwa maana ndiyo inayofanya karatasi igeuke njano. Kwa hiyo mti humenywa magome, hukatwa vipande vidogo, kisha hupikwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa kabisa, kwa joto la nyuzi 170 hivi, pamoja na kostiki soda na chumvi yenye kibiriti. Kostiki soda hiyo ni ile ile wanayotumia akina mama wa vikundi kutengenezea sabuni. Njia hii aliigundua Mjerumani mmoja, Carl Dahl, aliyepewa hati ya ugunduzi mwaka 1884, na mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi duniani.

Kinachotoka chunguni ni rojo la nyuzi, rangi ya kahawia, likielea katika maji meusi kama lami. Karibu nusu ya mti imekuwa rojo. Nusu ya pili haikupotea: imeyeyuka ndani ya yale maji meusi, pamoja na kemikali zote za kupikia. Hayo ndiyo maji ya hatari kuliko yote kiwandani. Yakimwagwa mtoni jinsi yalivyo, mto hufa kwa umbali mrefu. Huko China, viwanda vidogo vingi vya karatasi visivyo na mitambo ya kushughulikia maji meusi viliuharibu mto Huai na vijito vyake, mpaka serikali ikaamuru mwaka 1996 mamia ya viwanda hivyo vifungwe.

MAGADI YANAYORUDI CHUNGUNI

Kiwanda kinachoendeshwa vizuri hakimwagi maji meusi. Hapa tuna jambo la kupendeza, na tunaomba msomaji atuvumilie kidogo tulieleze.

Maji meusi hukaushwa kwa mvuke mpaka yawe mazito kupita asali yetu ya Sikonge. Yakiwa mazito hivyo, na kwa kuwa ndani yake imo nusu ya mti, yanaweza kuwaka kama kuni. Hupulizwa katika tanuru kubwa. Ligini huungua na kutoa joto, joto hutengeneza mvuke, na mvuke huendesha mitambo ya kiwanda na kuzalisha umeme. Chini ya tanuru hubaki kemikali zilizoyeyuka, nyekundu kama chuma katika kiriba cha mhunzi. Sehemu kubwa ya kemikali hizo ni magadi, ndugu wa magadi tunayotia katika mlenda na maharage. Magadi hayo huyeyushwa katika maji, hutiwa chokaa iliyochomwa, na chokaa huyageuza yawe kostiki soda tena. Kisha chokaa nayo huchomwa upya kwa ajili ya safari nyingine.

Kwa njia hiyo zaidi ya asilimia 95 ya kemikali za kupikia hurudi chunguni. Kiwanda huokoa fedha, na mto huokolewa. Ndiyo maana sisi hatukubaliani na wanaosema kwamba usafi ni gharama tu isiyo na faida. Katika hatua hii ya kwanza usafi hujilipa wenyewe. Ni katika hatua zinazofuata ndipo mwenye kiwanda huanza kuhesabu shilingi.

MAJI YANAYOBAKI

Hata tanuru likifanya kazi vizuri, bado yako maji mengine. Kuna maji ya kuoshea rojo, maji ya kuoshea magome, maji yaliyomwagika kwa bahati mbaya, maji ya kusafishia rangi, na maji yanayochujika pale karatasi inapotandazwa kwenye wavu wa mashine. Viwanda vya zamani viliweza kutumia zaidi ya lita 100,000 za maji kwa tani moja ya rojo. Viwanda vya kisasa vya rojo jeupe hutumia kama lita 25,000 hadi 50,000.

Maji hayo yana madhara ya namna tatu. La kwanza ni vipande vya nyuzi na magome. Hutua chini ya mto kama blanketi na kufunika mahali samaki wanapotagia mayai.

La pili si rahisi kuliona. Maji hayo yana sukari ya mti na vitu vingine vinavyooza. Bakteria wa mtoni huvishambulia kwa furaha, na wanapokula hutumia oksijeni iliyomo majini. Samaki hutumia oksijeni hiyo hiyo. Kwa hiyo samaki wengi hawafi kwa sumu, bali hufa kwa kukosa pumzi. Wataalamu hupima jambo hili kwa kuyaweka maji siku 5 katika joto la nyuzi 20 na kuona bakteria wametumia oksijeni kiasi gani. Kanuni za ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007 zinataka kipimo hicho kisizidi miligramu 30 kwa lita pale maji taka yanapoingia katika mto au ziwa. Maji ya kiwanda cha karatasi ambayo hayajasafishwa huwa na mamia ya miligramu.

La tatu ni rangi na kemikali. Ligini iliyobaki huyapa maji rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na rangi hiyo haiozi upesi. Wengine watasema rangi haiui mtu. Ni kweli, lakini ina hila yake. Ukitia dawa ya klorini katika maji yenye uchafu wa mimea, klorini huishia kupigana na uchafu, na vijidudu hubaki hai. Zaidi ya hayo, klorini ikikutana na uchafu huo huzaa kemikali nyingine zisizofaa kunywewa kwa muda mrefu. Mwenye kutumia dawa ya maji nyumbani akumbuke hilo: maji ya rangi yachujwe kwanza, dawa baadaye.

WEUPE UNA GHARAMA YAKE

Rojo lililotoka chunguni ni la kahawia. Kwa mfuko wa saruji hiyo yatosha. Kwa daftari la shule watu wanataka weupe, na kwa miaka mingi weupe huo ulipatikana kwa gesi ya klorini. Katikati ya miaka ya 1980 wanasayansi waligundua kwamba klorini ikikutana na ligini huzaa, pamoja na mambo mengine, kemikali ziitwazo dioksini. Dioksini ni sumu kwa kiasi kidogo mno. Haziozi, hujificha katika mafuta ya samaki na ya wanyama, na huingia hata katika maziwa ya mama. Zinaweza kuleta saratani na kudhuru ukuaji wa mtoto tumboni.

Tangu hapo viwanda vingi duniani vimeacha gesi ya klorini. Vingine hutumia klorini ya namna nyingine, iitwayo klorini dioksaidi, inayozaa dioksini kidogo sana. Vingine hutumia oksijeni, ozoni na maji ya oksijeni, yaani ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, unazitaja dioksini kati ya kemikali ambazo nchi zimeahidi kuzipunguza na kuziondoa, na unataja kusafisha rojo kwa klorini kuwa mojawapo ya vyanzo vyake.

Kuna jambo jingine lililotokea Kanada, na hatuwezi kulipita. Huko Dryden, katika jimbo la Ontario, kiwanda cha rojo kilikuwa na karakana yake ya kutengenezea klorini, nayo ilitumia zebaki. Kati ya mwaka 1962 na 1970 takriban tani 9 za zebaki ziliingia mtoni. Bakteria wa matopeni huigeuza zebaki kuwa ya namna mbaya zaidi, inayopanda kutoka kwa mdudu kwenda kwa samaki mdogo, na kutoka kwa samaki mdogo kwenda kwa mkubwa. Chini ya mto huo waliishi watu wa asili wa Grassy Narrows, ambao chakula chao na kazi yao ilikuwa samaki. Mwaka 1970 waliambiwa waache kula samaki wa mto wao. Wengi walikuwa wamekwisha kupata madhara ya neva: kutetemeka, kufa ganzi, kupungukiwa na uwezo wa kuona. Samaki wale walikuwa wakipikwa vizuri kila siku. Moto haukusaidia kitu. Zaidi ya miaka 50 baadaye zebaki bado imo katika matope ya mto ule.

JINSI MAJI YANAVYOSAFISHWA

Sasa tuone kazi yenyewe ya kusafisha. Kwanza maji hupita katika vyuma kama vya chekeche ili vipande vikubwa vibaki. Kisha huingia bwawa la kutulia, ambamo nyuzi huzama polepole kama unga unavyotulia chini ya kibuyu cha togwa. Tope linalopatikana hukamuliwa na kuchomwa, au hutumika kutengeneza bidhaa kama trei za mayai. Maji makali kama kostiki hupozwa kwa asidi, na yale yenye asidi hupozwa kwa chokaa, mpaka yasiwe makali upande wowote. Yakiwa ya moto husubiriwa yapoe.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa kazi yote. Tumesema bakteria huimaliza oksijeni ya mto. Kiwanda huwapa bakteria hao mlo wao mapema, ndani ya bwawa lililojengwa kwa ajili hiyo, na mashine hupuliza hewa majini usiku na mchana ili oksijeni isipungue. Katika mabwawa makubwa maji hukaa siku kadhaa, pengine wiki nzima. Maji ya miti hayana naitrojeni na fosforasi ya kutosha, kwa hiyo bakteria huongezewa urea na fosfeti, kama mkulima wa tumbaku wa Urambo anavyotia mbolea shambani. Wakishakula na kuongezeka, maji hutulizwa tena, na bakteria hushuka chini kama tope. Bwawa likifanya kazi vizuri, sehemu kubwa sana ya kile kinachooza huwa imeondoka, mara nyingi asilimia 90.

Umeme ukikatika, au meneja akiamua kuzima mashine za hewa ili apunguze gharama, bakteria hufa kwa saa chache na bwawa huanza kunuka. Hilo si jambo la kufichika, maana pua ya jirani hugundua kabla ya mkaguzi.

Rangi na sehemu ya kemikali hubaki hata baada ya hapo. Viwanda vyenye uwezo hutia shabu, ile ile inayouzwa sokoni, ili uchafu ushikane na kuzama. Vingine hupitisha maji katika kinamasi kilichotengenezwa, yaani shimo pana lisilo na kina kirefu, lenye kokoto, lililopandwa matete. Mizizi ya matete huwapa bakteria makazi na hewa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshughulikia vinamasi vya namna hii kwa miaka mingi, hasa kwa maji taka ya shule na ya miji. Njia hii yafaa nchi yetu yenye jua, kwa kuwa haihitaji umeme mwingi. Inahitaji eneo, na mtu wa kuyavuna matete yakikomaa.

KUTUMIA MAJI YALE YALE TENA

Akina mama wanalijua jambo hili kuliko mainjinia. Unapofua nguo wakati wa shida ya maji unaweka beseni tatu. Nguo hutoka kwenye beseni chafu, huenda ya kati, humalizia katika safi. Maji ya beseni safi yakianza kupata povu hayamwagwi. Hushushwa kwenye beseni ya kati, na ya kati hushushwa kwenye ile chafu. Kiwanda cha karatasi huosha rojo kwa mtindo huo huo hasa. Maji masafi huingia mwisho, upande rojo linapotokea, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka yanafika mwanzo yakiwa machafu kabisa na kuelekea kwenye tanuru. Kwa njia hiyo maji kidogo huosha rojo nyingi.

Maji yanayochujika chini ya mashine ya karatasi, ambayo mafundi huyaita maji meupe, yana nyuzi nzuri ndani yake. Huchujwa, nyuzi hurudishwa katika rojo, na maji hutumika tena kulainisha rojo jipya au kunyunyizia wavu. Mvuke uliotoka kwenye maji meusi yanapokaushwa hupozwa ukawa maji, husafishwa harufu, na kutumika kuoshea. Magome humenywa bila maji kabisa.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini basi maji yasizunguke milele? Viko viwanda vichache vya maboksi vinavyokaribia kufanya hivyo. Shida ni kwamba kila mzunguko huacha chumvi kidogo ndani ya maji. Chumvi hujilimbikiza na kula mabomba, utelezi wa bakteria huota katika mashine, karatasi hupata madoa na harufu. Sehemu ya maji lazima itoke nje, na ndiyo maana mabwawa ya kusafishia hayaepukiki. Huko Tamil Nadu, India, kiwanda kikubwa cha karatasi hutumia mabaki ya miwa badala ya miti mingi, na maji yake yaliyosafishwa hupelekwa kumwagilia mashamba ya miwa ya wakulima wa jirani. Ni mpango mzuri, ila udongo lazima upimwe mara kwa mara, kwa kuwa chumvi ikizidi shamba hugeuka jangwa.

WEBUYE NA MGOLOLO

Turudi kwenye ziwa letu. Magharibi ya Kenya, mjini Webuye, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kazi mwaka 1974. Kilikuwa kiwanda kikubwa cha kupika miti, na mji mzima uliota kukizunguka. Maji yake taka yalipitia mabwawa, kisha yaliingia mto Nzoia, ambao hushuka mpaka Ziwa Viktoria upande wa Budalangi. Kwa miaka mingi wakazi walilalamikia harufu ya mayai yaliyooza na mabati ya nyumba zao yaliyooza mapema. Mtafiti mmoja wa Kenya alijenga kando ya mabwawa hayo vinamasi vidogo vya majaribio, akapanda matete na mafunjo, na katika muongo wa 2000 alionyesha kwamba maji yaliyotoka bwawani yaliweza kusafishwa zaidi. Mafunjo, ndugu wasomaji, ndiyo majani ambayo Wamisri wa kale walitengenezea karatasi yao. Leo yanaosha maji ya karatasi.

Kiwanda kilisimama mwaka 2009. Harufu ilikoma, na mishahara nayo ilikoma. Maduka yalifungwa, watoto wakatolewa shuleni. Mwaka 2016 kilinunuliwa na kundi la makampuni la Rai. Tunalieleza hili kwa sababu wako wanaodhani dawa ya uchafu ni kufunga kiwanda. Njaa nayo ni ugonjwa. Watu wa Webuye walihitaji kazi na mto safi vyote viwili, na elimu ya kuvipata vyote ilikuwapo.

Je, maji ya Webuye yalikuja Kitete? Tusitiane hofu bure. Nzoia huingia ziwani kaskazini mashariki, na Ihelele iko kusini. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na uchafu unaooza huwa umekwisha kuoza kabla ya umbali huo. Maji ya bomba ni salama kuliko ya kisima kisichofunikwa, na tunawahimiza kuyatumia. Ila ijulikane kwamba mitambo ya kawaida ya maji ya mijini imejengwa kuondoa tope na kuua vijidudu. Haikujengwa kuondoa kemikali zilizoyeyuka. Ndiyo sababu mabomba yetu yanategemea uaminifu wa viwanda vyote vinavyolizunguka ziwa, vya Mwanza, Kisumu na Jinja, viwe vya karatasi, vya ngozi au vya samaki.

Kwetu Tanzania kiwanda cha kupika miti kiko Mgololo, wilaya ya Mufindi. Kilijengwa na serikali kwa jina la Southern Paper Mills, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa misindano ya shamba la Sao Hill, na tangu kilipobinafsishwa katika miaka ya 2000 kinaitwa Mufindi Paper Mills. Kiko kando ya mto Kigogo Ruaha, ambao maji yake huishia katika bonde la Rufiji. Kwa sheria ya maji ya mwaka 2009, kiwanda chochote nchini kinachomwaga maji taka mtoni lazima kiwe na kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lake, na kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 Baraza la Mazingira, yaani NEMC, lina mamlaka ya kukikagua na kukitoza faini.

SISI WA KITETE

Hatuna kiwanda cha karatasi, lakini tuna mambo yetu. Akina mama wa vikundi hutengeneza sabuni na batiki. Kostiki soda iliyobaki na maji ya rangi yasimwagwe bondeni kwenye visima. Yachimbiwe shimo mbali na maji. Kostiki ifungiwe juu, mbali na watoto. Mtoto akiinywa msimtapishe, kwa maana itamchoma koo mara ya pili. Asukutue kinywa, akimbizwe Hospitali ya Kitete mara moja.

Jambo jingine ni madumu. Mapipa ya plastiki yaliyoletwa na kemikali kutoka viwandani huuzwa kwa bei nafuu, na familia nyingi huyaosha na kuhifadhia maji ya kunywa. Plastiki hufyonza kemikali na kuitoa polepole. Usinunue pipa usilojua lilibeba nini, hata kama halina harufu.

Mkiona mto au bwawa lina povu lisilokwisha, maji yamekuwa meusi ghafula, au samaki wanaelea na kuhema juu ya maji asubuhi, msiwaokote samaki hao kwa kitoweo. Chukueni maji kidogo katika chupa safi, andikeni tarehe na mahali, na mwone bwana afya wa kata au mtendaji siku hiyo hiyo. Mito ya upande wetu wa Igombe humwaga maji yake kuelekea Malagarasi, kwa hiyo ofisi inayohusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Jumuiya nzima ikienda pamoja, husikilizwa upesi kuliko mtu mmoja.

Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kutuliza maji ya tope kwa mbegu za mlonge, na kwa nini baada ya mlonge bado ni lazima kuchemsha. Mwenye mti wa mlonge nyumbani aanze kukausha mbegu zilizokomaa sasa.